Jumamosi Tatu Maktabani

Mwaka juzi hadhira yetu ilicheka mahali pasipostahili kicheko, nami niliyekuwa nimesimama nyuma ya pazia, maandishi mkononi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa tukiigiza sehemu za Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, katika ukumbi mmoja wa mji wetu huku Busoga, si mbali na Jinja. Kijana aliyeshika nafasi ya Kinjeketile, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alikuwa ndiyo kwanza anatoka mtoni. Hapo ndipo mtu wa kawaida anaporudi akiwa si wa kawaida tena: amepandwa na pepo Hongo, amezama katika maji ya Rufiji, watu wamekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu, naye anaibuka na ujumbe utakaoyaunganisha makabila yaliyokuwa hayaaminiani. Kijana alitetemeka kama tulivyokuwa tumefanya mazoezi. Safu ya mbele ikacheka. Kicheko kikapanda safu kwa safu mpaka mlangoni, kama moto katika nyasi za kiangazi.

Alimaliza maneno yake upesi upesi, macho yakiwa miguuni. Kesho yake hakuja katika kipindi cha Kiswahili, wala keshokutwa. Aliporejea aliketi nyuma kabisa, na kwa muhula mzima hakusoma kwa sauti hata aya moja.

Mimi nililaumu hadhira. Nilisema watu wa mji huu hawana adabu ya ukumbini, nikasema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Mkutubi wa maktaba ya mji, mama mmoja mpole ambaye huvaa miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akauliza: "Mwalimu, ulitaka wacheke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nalo nyumbani swali lile, na kwa siku kadhaa lilinisumbua kuliko kicheko chenyewe.

Wewe unayejifunza Kiswahili kwa ajili ya mtihani au safari huenda usijue kwamba kwa wazee wengi wa hapa, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Ni lugha ambayo askari aliitumia kudai kitambulisho, na mwizi mwenye bunduki akaitumia kudai fedha, na usiku wa giza haikuwa rahisi kuwatofautisha wawili hao. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikitia doa ambalo hakikulitafuta. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria imekwenda mbele. Masikio yanafuata polepole.

Tena kuna jambo lililo dogo kuliko hofu, lakini ukumbini lina nguvu zaidi. Katika vichekesho nilivyokua navyo, vya jukwaani na vya redioni, mhusika anayezungumza Kiswahili aghalabu ni mlinzi wa usiku anayesinzia au polisi anayenyoosha mkono apewe chochote. Mtu akisimama jukwaani na kupaza sauti kwa Kiswahili, hadhira yetu inajiandaa kucheka kabla hajafika mwisho wa sentensi. Hilo ndilo lililomfika mwanafunzi wangu. Wale watu hawakukosa adabu. Walikuwa wanafuata adabu ya mchezo mwingine, na mimi sikuwa nimewaambia kwamba huu si ule.

Nilipomweleza mkutubi hayo, hakusema "nilikuambia." Alifungua daftari lake, akaniandikia Jumamosi tatu mfululizo, saa tisa alasiri, katika chumba cha kusomea magazeti. "Tutaigiza tena mwakani," akasema, kana kwamba naye ni mmoja wa kundi letu. "Lakini safari hii wataanzia hapa."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa yangu, nami niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Chuoni, nilipokuwa nasomea stashahada ya ualimu, tulifundishwa tamthilia kwa vichwa vya habari: dhamira, wahusika, mandhari, mtindo. Nikawaletea watu vichwa vya habari. Nilichora ramani ya mto Rufiji ubaoni, nikaonyesha Ngarambe, mahali alipoishi Kinjikitile Ngwale wa historia. Nikaeleza kwamba jina lake katika vitabu vya historia huandikwa tofauti kidogo na jina la tamthilia, na kwamba mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Nikataja kung'olewa kwa pamba huko Nandete mwishoni mwa Julai 1905, kunyongwa kwa Kinjikitile Agosti ya mwaka huo huo, vita vilivyoendelea hadi 1907 bila yeye. Nikataja waliokufa: serikali ya Wajerumani ilikadiria watu 75,000, wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 na hata 300,000, walio wengi wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Nilizungumza kwa dakika hamsini. Waliohudhuria walikuwa kumi na mmoja, saba kati yao wanafunzi wangu ambao hawakuthubutu kukosa. Mzee mmoja alilala. Swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: kiingilio kitakuwa shilingi ngapi?

Baada ya watu kuondoka, mkutubi alifuta ubao taratibu. "Wiki ijayo," akasema, "usilete maneno. Leta kitu."

Nikaleta pamba.

Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa siku hizi mashamba ya kuzunguka hapa ni ya miwa. Lakini jirani wa shule alikuwa na miche michache nyuma ya nyumba, nikachuma matumba manne yaliyopasuka, nikayaweka juu ya meza katikati ya chumba. Sikusema kitu. Yule mzee aliyelala wiki iliyopita alikuwa wa kwanza kuinua tumba moja. Alilichambua kwa kidole gumba bila kutazama, mbegu huku, nyuzi kule, kwa kasi ambayo wanafunzi walibaki kuikodolea macho.

"Hii ndiyo iliyomzeesha baba yangu," akasema.

Kisha akazungumza karibu saa nzima, kwa Kisoga kilichochanganyika na Kiswahili chake cha sokoni, nami nikawa mkalimani. Wengi wetu tunajua kwamba reli ya kutoka Jinja kwenda Namasagali ilijengwa mwaka 1912 na kwamba ilibeba pamba. Mzee alitupa upande ambao reli haiuonyeshi: kodi iliyopaswa kulipwa kwa fedha ilhali fedha zilikuwa kwenye pamba peke yake, chifu aliyepita kukagua mashamba, mizani ya mnunuzi ambayo kila mara ilijua kupunguza na haikujua kuzidisha. Pamba ililetwa kwetu na Waingereza miaka ile ile ambayo Wajerumani walikuwa wakiwalazimisha watu wa kusini mwa Tanganyika kuilima katika mashamba ya jumla. Mto wetu si Rufiji, wala hatukupigana vita vile. Lakini tumba lile lilipozunguka mkono kwa mkono, hakuna aliyehitaji ramani yangu.

Tulipofika kwenye neno mnyapara, ambalo katika tamthilia ni jina la yule msimamizi wa shamba la Mzungu, mzee alinikatiza. "Huyo si ndiye nnampala?" Chumba kizima kikacheka, safari hii kwa haki, maana katika Kiganda cha redioni nnampala wa gavumenti ni mbunge anayewachunga wabunge wenzake wasitoke kwenye mstari wa serikali. Neno lilienea katika nchi hizi na misafara ya biashara iliyotoka Unyamwezi. Likapita kwa mabwana wengi, likakaa. Mwanafunzi, ukikutana na neno la Kiswahili ambalo linakukumbusha neno la kwenu, usiharakishe kusema ni bahati. Piga hodi.

Kijana wetu aliyeigiza mnyapara alikuwa amezoea kupiga kelele jukwaani tangu anaingia mpaka anatoka, mjeledi hewani. Mzee aliomba amwone. Alipomwona alitikisa kichwa. "Mwanangu, mwenye mamlaka hapigi kelele hivyo. Yule wa kwetu alikuwa akisimama kimya pembeni, anahesabu. Ulikuwa ukisikia tu midomo yake. Moja, mbili, tatu. Ukifikiwa wewe, basi." Kijana akajaribu pale pale, kati ya rafu za magazeti ya zamani. Alihesabu watu waliokuwa chumbani mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Aliponifikia mimi, nakiri, nilirekebisha namna nilivyokuwa nimeketi.

Jumamosi ya tatu ilihusu maji, nayo ndiyo niliyoiogopa.

Habari za pamba zilikuwa zimesambaa. Watu walifika kama arobaini, viti havikutosha, wengine wakaketi juu ya makasha ya vitabu. Niliyemwomba asome sehemu ya mtoni ni yule yule kijana wa mwaka juzi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema atasoma akiwa ameketi, si kwa kusimama, nami nikakubali. Nakala za maktaba ni mbili tu na hazitolewi nje, kwa hiyo alikuwa amekwenda kuifanyia mazoezi pale pale, jioni baada ya masomo. Mimi sikujua, aliniambia mkutubi.

Alisoma vizuri. Alipofika mahali Kinjeketile anapogawa maji na kuahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, mtu mmoja nyuma akaguna kwa dhihaka, na mabega mawili matatu yakaanza kutikisika. Nilimwona kijana akishika ukingo wa kitabu.

Hapo akasimama bibi mmoja aliyekuwa karibu na dirisha. Hakunyosha mkono. Alisema kwa Kisoga, akimtazama aliyeguna: "Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

Kisha akaanza kueleza mwaka 1987. Jeshi la Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, lilitoka kaskazini, likapita mashariki, na kuvunjwa huku kwetu karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka ule. Wafuasi wake walipakwa mafuta ya mti wa shea, wakaambiwa wakiwa safi risasi hazitawaingia, na kwamba mawe wanayotupa yatalipuka. Hayo yameandikwa vitabuni na mimi nilikuwa nimeyasoma. Bibi hakuwa ameyasoma. Alisema aliwasikia kabla ya kuwaona, kwa kuwa walikuja wakiimba nyimbo za kanisani, wakitembea wima bila kujificha, vifua vinang'aa. Kijana mmoja aliachana na wenzake, akafika kwenye ua wake, akaonyesha kwa mkono kwamba ana kiu. Akampa maji katika kibuyu. Akanywa yote, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vyema, akaondoka mbio kuufuata wimbo.

"Maji yangu yalikuwa ya kunywa," bibi akasema. "Ya kwao sijui."

Nitakuwa mkweli kuhusu nilichokifikiria wakati ule. Nilifikiri: hili ni jambo la siasa, chumba hiki ni cha serikali, nami ni mwalimu mwenye mkataba. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa ili niseme asante Jajja, turudi kwenye kitabu. Mkutubi alinitazama juu ya miwani yake ya usoni, na kinywa kikafunga chenyewe.

Kabla sijajua la kufanya, msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye wazazi wake walikuja huku kutoka Acholi kufanya kazi katika mashamba ya miwa, aliuliza kwa Kiswahili, lugha pekee ambayo yeye na yule bibi waliweza kukutania: "Jajja, ule wimbo, ulikuwa wa lugha gani?"

"Si ya kwetu, mwanangu. Lakini tuni niliijua. Hata sisi tunaiimba."

Msichana aliketi. Hakuongeza neno. Wiki iliyofuata alinijia ofisini, akaomba ahamishwe kutoka kundi la waimbaji, apewe nafasi ndogo ya mmoja wa wanaopokea maji. Nikamuuliza sababu. Akasema kwao kuna jina moja ambalo bibi yake hulitaja katika sala, la kaka yake, na halafu hulisongezea majina mengine haraka haraka ili mtu asiulize. Nikampa nafasi.

Jumamosi ile haikuisha saa kumi na moja kama ilivyopangwa. Tulijikuta katika swali ambalo tamthilia nzima imelijengea nyumba. Mwishoni Kinjeketile amekamatwa, watu wamekufa kwa maelfu, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Mwaka juzi niliwafundisha wanafunzi kwamba huo ni ushujaa, nikawapa alama waliolijibu hivyo. Yule mzee wa pamba alisema hapana: angesema ukweli, ili mtu mwingine asije akaamini tena. Bibi wa dirishani akamgeukia. Akisema hivyo, akauliza, mama za wale waliokufa watashika nini? Mwendesha pikipiki mmoja, aliyeingia akidhani kuna mkutano wa chama cha mikopo na akabaki, alitukumbusha kwamba katika yale tuliyosoma Kinjeketile mwenyewe alikuwa na shaka, kwamba aliomba wangoje, na wengine ndio walioanza vita bila neno lake. "Basi uongo ni wa nani?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Nimefundisha kitabu hiki miaka saba na sijapata kuulizwa swali bora kuliko hilo.

Mwenzangu mmoja wa idara alininong'oneza kwamba nimewaharibia watu mchezo, kwa sababu sasa wanajua mwisho. Nami zamani nilikuwa na imani hiyo. Lakini fikiri namna hadithi zinavyosimuliwa kwetu: ni mtoto gani aliyewahi kumzuia bibi yake kwa kuwa ngano ya sungura na fisi alikwisha kuisikia? Huitaka ile ile, na humkosoa msimulizi akibadilisha neno. Watu hawaji kwenye tamthilia kama Kinjeketile ili wajue nini kitatokea. Wanakuja kuona kama wataweza kuvumilia kukiona kikitokea.

Onyesho lenyewe lilifanyika Ijumaa ya pili baada ya hapo. Nitalieleza kwa ufupi, kwa kuwa mambo mengi yalikwenda mrama kama kawaida: taa moja ilizimika, maleba ya askari wa Kijerumani yalikuwa ni sare za skauti zilizogeuzwa, na ngoma iliingia kabla ya wakati. Mnyapara alipoanza kuhesabu kwa sauti ya chini, watu wa safu za mbele walinyamaza, na safu za nyuma, ambako walikuwa wengi wasiofika maktabani, zikanyamaza kwa kuwaona wa mbele. Kinjeketile alitoka mtoni. Mtu mmoja alianza kucheka upande wa kushoto na kicheko chake kikafa peke yake. Yule msichana alipopakwa maji usoni, alifumba macho na hakuyafumbua mpaka tukio likaisha, jambo ambalo halimo katika maelekezo ya mwandishi wala yangu.

Walicheka sehemu moja tu, pale askari wawili wanapogombania nani amshike mfungwa, na hapo ndipo nilipotaka wacheke. Nilimtafuta mkutubi kwa macho. Alikuwa anapangusa miwani.

Halafu tukafika mwishoni. Kijana alikuwa amepigishwa magoti, na askari akamtaka aseme maneno yale. Tulikuwa tumekubaliana atanyamaza kwa pumzi tatu. Alinyamaza kwa muda mrefu zaidi. Mimi nyuma ya pazia nilikwisha kufika pumzi ya tisa na nilikuwa natafuta mstari wake ili nimnong'oneze. Ndipo sauti ikatoka ukumbini, sauti ya bibi wa dirishani, wala haikuwa ya kunong'ona. Alisema kwa Kiswahili.

"Sema, mwanangu."

Kijana aliinua kichwa akatazama kule gizani ilikotoka. Nilidhani atasahau kila kitu. Ukumbi wote ulikuwa ukimngoja, nusu wakitaka aseme na nusu wakitaka asiseme, nami sikuwa na hakika tena niko upande gani.

Akatikisa kichwa.

Siku hizi anaketi safu ya pili darasani. Nakala zile mbili za maktaba bado hazitolewi nje, lakini mkutubi amelazimika kuweka karatasi ya zamu karibu nazo, na mwendesha pikipiki amejiandikisha kila Alhamisi, saa saba hadi saa nane, wakati ambapo wateja ni wachache.